Weupe wa Kioo-Ukungu

Kioo cha dirisha la bafu hupitisha mwanga lakini humficha aliyemo: umbo unaliona, sura huioni. Madaktari wa picha wanaotumia Kiingereza walikifananisha kioo hicho, kilichokwaruzwa uso, na doa fulani la kwenye siti skani ya mapafu. Wakaliita "ground-glass opacity". UVIKO-19 ulipoingia, jina hilo lilijaa katika ripoti, mara nyingi likifuatana na "mapafu yote mawili" na "pembezoni".

Ukilitafsiri "kioo kilichosagwa", umemtisha mgonjwa bure. Kilichosagwa ni unga. Atadhani ana chembe za kioo kifuani. Maana yake hasa ni kwamba vifuko vya hewa vimejaa kiasi, au kuta zake zimenenepa, hivyo sehemu ambayo ingekuwa nyeusi kwa sababu ya hewa imeingia weupe. Mishipa ya damu bado huonekana ndani yake. Ikishafichwa kabisa, huo ni mgando, istilahi nyingine.

"Kivuli" nalo halifai: kivuli ni cheusi. "Ukungu" linakaribia, tena lina uzuri wake, kwa kuwa ukungu hutoweka, na weupe huu kwa wengi hufifia miezi ikipita. Kovu haliko hivyo. Kovu huvuta njia za hewa hadi zikapanuka. Ila mkate nao huota ukungu! Mwambie mtu pafu lake lina ukungu, uone atakavyokimbilia dawa za fangasi.

Ndiyo maana naandika "weupe wa kioo-ukungu". Kioo kinaondoa uvundo wa mkate, ukungu unaondoa chembe za kioo.

Hata hivyo hilo ni jina la picha, si la ugonjwa. Homa ya mafua na moyo ulioshindwa kusukuma damu huweza kuleta weupe uleule. Na Shirika la Afya Duniani, lilipofafanua hali ya baada ya UVIKO-19 Oktoba 2021, halikudai picha: lilitaja dalili zinazokuwapo kwa kawaida miezi 3 tangu ugonjwa uanze, zilizodumu angalau miezi 2, zisizoelezeka kwa ugonjwa mwingine. Yupo mwenye weupe anayepanda ngazi bila shida. Yupo mwenye picha safi anayetweta akifua shati.

Basi wewe unayemsomea mgonjwa ripoti, ukikuta "weupe", usimtamkie "kovu". Na ukikuta picha safi, usimwambie amepona kabla hujamuuliza pumzi yake ikoje.