Nge Darasani

Darasa la sita, somo la Kiingereza. Mwalimu alitaka kila mmoja wetu atoe sentensi yenye "if". Nikasimama bila wasiwasi: "If I would have money, I would buy a bicycle." Hakuna aliyenicheka, kwa sababu darasa zima lingesema vivyo hivyo. Mwalimu akanichapa kiganjani mara mbili, ati kila "would" na fimbo yake. Kisha akaandika ubaoni "If I had money", tukanakili, tukaendelea. Kosa lilitoka wapi? Hatukuambiwa.

Lilitoka nyumbani. Kwa Kiswahili tunasema: "Ningekuwa na pesa, ningenunua baiskeli." Nge mbili, moja kila upande wa koma. Ukiondoa moja, sentensi inachechemea. Kwa hivyo mtoto anayesema "would" mara mbili si mzembe. Amefuata kanuni, ila ni kanuni ya lugha nyingine.

Kiingereza kina njia yake. Kwenye upande wa "if" hakiweki alama kama nge ya kumwambia msikilizaji kwamba jambo hili ni la kuwazia tu. Badala yake kinaazima wakati uliopita. Ile "had" katika "If I had money" haihusu jana. Pesa zinatakiwa leo. Na jambo likiwa limepita kweli, Kiingereza kinarudi nyuma hatua moja zaidi: "If I had known, I would have come." Sisi tuna "Ningalijua, ningalikuja", ingawa kwa mazungumzo ya kawaida wengi wetu tunatumia nge kwa yote mawili. Halafu kuna ki. "Mwalimu akija" yaweza kuwa "if" na yaweza kuwa "when". Sisi tunaachia muktadha uamue. Kiingereza kinamlazimisha msemaji achague.

Mambo haya yamejulikana zamani. Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyefika Mombasa 1844, alichapisha sarufi ya Kiswahili mwaka 1850. Edward Steere, Mwingereza aliyefika Unguja 1864, alitoa yake 1870, na humo akazieleza nge na ngali kwa Kiingereza. Wageni hao walipotaka kujifunza lugha yetu, waliiweka kando ya lugha waliyoijua, wakalinganisha. Zamu yetu ya kujifunza yao ilipofika, tuliambiwa yetu tuiache mlangoni.

Kibao kilikuwa cha kwanza kuulinda mlango huo. Mtoto aliyenaswa akiongea lugha ya mama alikabidhiwa kibao, naye akatafuta mwingine wa kumpa, na jioni wote waliokipokea wakaadhibiwa. Ngũgĩ wa Thiong'o amesimulia adhabu hiyo ya miaka ya 1950 katika Decolonising the Mind, kitabu cha 1986. Kisha ikaja sera. Mwaka 1957 mpango wa New Primary Approach ulianza Nairobi, katika shule za Waasia: masomo kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Kufikia uhuru ulikuwa umeshaingia shule za Waafrika, na mwaka 1964 Tume ya Ominde ikaunga mkono Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia tangu mwanzo.

Basi mwalimu angefanyaje? Kueleza kosa la "would" mbili kulihitaji kutamka "ningekuwa" ndani ya somo la Kiingereza, na neno hilo ndilo lililopigwa marufuku. Marufuku iliyowekwa ili tujue Kiingereza ikawa inatufungia maelezo ya Kiingereza chenyewe. Ikabaki fimbo. Na gharama haikuwa kiganja peke yake: mtihani wa CPE ulipima Kiingereza, Kiswahili haukukigusa, na nafasi za sekondari zilikuwa chache.

Mwaka 1985, pamoja na 8-4-4, ulikuja mtihani wa KCPE, na Kiswahili kikawa cha lazima. Ungedhani sasa nge na "would" zingekutana. Wapi! Sisi tulisoma nge saa nne na "if" saa tano, kwenye madawati yale yale, na hakuna mwalimu aliyetuonyesha kwamba ni jambo moja katika lugha mbili. Nilimaliza shule nikiamini kwamba kichwa changu ndicho kizito.

Juzi mpwa wangu aliniletea daftari lake la Kiingereza. "If I would be a doctor", na duara jekundu juu yake.

"Mjomba, hapa nimekosa nini?"

Nikamwandikia sentensi mbili, ya Kiswahili juu, ya Kiingereza chini, nikapiga mstari chini ya kila nge. Akazitazama kwa muda.

"Kumbe wao kwa 'if' hawaweki nge?"

"Hawaweki. Wanaazima ya jana."

Akachukua kalamu, akasahihisha mwenyewe.