Tunu na Amana: Vilivyotoka Bagamoyo

Katika nyumba zetu za pwani, msafiri hashuki chomboni akaingia mlangoni mikono mitupu. Hata kabla hajaketi, watoto wamekwisha kumzunguka, na swali lao ni moja: umetuletea nini? Wakubwa hawaulizi, lakini nao macho yao yako kwenye mfuko. Kinachotolewa humo huenda kikawa kitu kidogo tu, kikapu cha halua ya Unguja au ubani wa Maskati, lakini kina kazi kubwa. Kinashuhudia kwamba mtu huyu alipokuwa mbali aliwakumbuka waliobaki. Ndiyo maana lugha yetu haikutosheka na neno moja: iko zawadi, iko hidaya, na iko tunu, yaani kile kilicho adimu na chenye kuthaminiwa.

Siku hizi swali hilo wanalo wageni pia. Meli kubwa za matembezi hutia nanga Dar es Salaam na Unguja, abiria wake wakapewa saa chache za nchi kavu kisha wakaitwa warudi. Mara kadhaa nimeombwa kufuatana na baadhi yao, niwe mkalimani wao, kutoka Dar es Salaam hadi Bagamoyo, mwendo wa kilomita 70 hivi kuelekea kaskazini. Na kila mara, saa ya kuondoka ikikaribia, mmoja huniuliza: nichukue nini cha kuwapelekea watu wangu, kitu chenye maana? Swali hilo ni la adabu, nalo lastahili jibu la adabu. Lakini Bagamoyo si mji wa kujibia swali hilo kwa haraka, kwa kuwa sehemu kubwa ya historia yake ni historia ya vitu vilivyochukuliwa na kupelekwa kwingine.

Tuanzie Kaole, kilomita chache kusini mwa mji. Hapo yapo mabaki ya misikiti miwili na makaburi zaidi ya 20, ya mji uliostawi baina ya karne ya 13 na ya 16. Mwaka 1958 mwanaakiolojia Neville Chittick alifanya uchimbaji mahali hapo, na tangu hapo wengi wameandika juu yake. Kinachomshika mgeni ni makaburi ya nguzo. Nguzo hizo zimejengwa kwa matumbawe na chokaa, na katika baadhi yake utaona vishimo vya mviringo, laini ndani, mithili ya jicho lililong'olewa. Humo ndimo zilimokuwa bakuli za Kichina. Ukiteremka na pwani hadi Kunduchi, karibu zaidi na Dar es Salaam, utakuta makaburi mengine ya nguzo yaliyopambwa kwa sahani za ng'ambo, nayo ni ya karne za baadaye.

Natamani wasomaji wangu waitafakari safari ya bakuli moja. Ilifinyangwa Uchina, ikauzwa bandari hadi bandari katika Bahari ya Hindi, ikaja na pepo za kaskazi hadi Kaole. Aliyeipokea aliithamini. Na siku mtu wake alipofariki, hakuiweka kabatini. Aliipachika juu ya kaburi kwa chokaa, ibaki hapo ikimwambia mpita njia kwamba aliyelala hapa alikuwa mtu wa watu, na bahari ilimjua. Basi bakuli ile ilikuja ikiwa tunu ya safari, na ilipotiwa chokaa ikabadilika hadhi. Ikawa amana. Tunu hupewa mtu, naye aweza kumpa mwingine. Amana huwekwa, na asiyekuwa mwenyewe hana ruhusa ya kuiondoa.

Karne zilipopita walikuja wapita njia wa namna nyingine. Bakuli na sahani kadhaa za makaburi ya pwani zimehifadhiwa katika makumbusho, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini nyingi zilibanduliwa kwa ncha ya kisu na watu waliotaka ukumbusho, wakabaki na vipande mkononi, maana chokaa ya wazee haiachii kitu kizima.

Naungama kwamba nami sina usafi wa kuwanyooshea kidole. Nilipokuwa kijana nilikwenda Kaole mara ya kwanza, nikaokota kigae chenye rangi ya kijani kibichi, kidogo kuliko kiganja cha mtoto. Nilikiweka juu ya meza ninayoandikia kwa zaidi ya miaka 20. Niliwaonyesha wageni wangu, nikawaambia, hiki ni cha Uchina, nao wakastaajabu. Hatimaye dhamiri ilinisuta, nikakirudisha. Mtunzaji wa mahali pale, mzee mpole, alikipokea akakigeuzageuza, kisha akaniuliza: "Ulikiokota wapi, ndugu yangu? Kaburi gani, upande gani, juu ya ardhi au chini?" Sikuweza kumjibu. Akasema, bila ya hasira, "Basi nitakiweka na hivi visivyokuwa na kwao." Alikuwa na sanduku la namna hiyo. Nilichokuwa nimekichukua si kigae tu. Nilichukua pia jibu la maswali yake, nami nilipokuja kukirudisha kigae, jibu nilikuwa nimekwisha kulipoteza njiani.

Tuje sasa karne ya 19, Bagamoyo ilipokuwa mlango wa bara. Twazoea kuwataja Burton na Speke, waliotoka pwani hii mwaka 1857 na kurudi baharini kwa njia ya Kunduchi mwanzoni mwa 1859. Lakini wageni waliokuja kwa wingi kupita wote walikuwa Wanyamwezi, wapagazi walioteremka maelfu kwa maelfu kutoka Unyanyembe, zaidi ya kilomita 800, pembe mabegani. Kwa kijana wa Kinyamwezi kuiona bahari ilikuwa fahari ya ujana, na aliyerudi nyumbani alirudi na ushahidi: doti ya merikani, shanga zilizokuwa zikipendwa mwaka huo, koili ya waya wa shaba nyeupe au nyekundu. Na kilikuwapo kitu kimoja ambacho sisi wa pwani twakikanyaga bila ya kukitazama. Kitako cha kome mweupe, kikikatwa na kusuguliwa hadi kikawa duara, kilivaliwa bara na watemi, kikawa alama ya utawala. Mtemi ambaye huenda hakupata kuiona bahari aliivaa kifuani. Sijui kama kuna tunu iliyopata kusafiri vizuri zaidi ya hiyo: haikupunguza chochote cha aliyebaki nayo, na huko ilikokwenda iliongezewa maana.

Haikuwa hivyo kwa pembe. Hizo zilivushwa Unguja, kutoka hapo zikaenda Bombay, London na Marekani. Katika jimbo la Connecticut miji ya Deep River na Ivoryton iliishi kwa kuchonga vitufe vya piano kutokana na pembe zilizopita mikononi mwa wafanyabiashara wa pwani yetu. Na merikani yenyewe, ile nguo iliyolipia pembe, iliitwa hivyo kwa sababu ililetwa na merikebu za Wamarekani, hasa wa Salem, mji wa Massachusetts. Manahodha wa Salem walikuwa wameanzisha chama chao mwaka 1799, na mwanachama sharti awe amevuka Rasi ya Tumaini Jema au Rasi ya Horn. Chama hicho kiliwataka wakusanye vitu vya ajabu safarini na kuvileta nyumbani. Makusanyo yao ndiyo yaliyozaa makumbusho yaliyopo Salem hadi leo. Wale angalau waliandika kitu kimetoka wapi na kimeletwa na nani. Mtu aliyepiga piano sebuleni Boston hakuwa na habari ya mpagazi, wala ya mtumwa, wala ya tembo.

Sitaki kupita bila ya kusema habari ya mzigo mmoja uliofika Bagamoyo mwezi wa Februari 1874. Kwa macho ulikuwa mtumba wa nguo kama mitumba mingine. Ndani yake ulikuwamo mwili wa David Livingstone, aliyefariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo. Abdullah Susi, James Chuma na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti pale pale, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa gome la mti na turubai, wakautembeza kwa miezi mingi hadi baharini. Walipofika Unyanyembe, Luteni Cameron aliwashauri wauzike huko. Wakakataa. Waliubeba pamoja na daftari zake, wala hapana aliyekuwa akiwalipa kwa kazi hiyo. Usiku mmoja uliwekwa katika kanisa la misheni ya Bagamoyo, kisha ukasafirishwa Unguja na kutoka hapo Uingereza, ukazikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili mwaka huo. Waliobeba walilipwa ujira wao wakaambiwa kwaherini. Susi na Chuma walipofikishwa Uingereza baadaye, kwa gharama za rafiki wa marehemu, maziko yalikuwa yamekwisha. Chama cha Jiografia cha London kiliwatengenezea wabebaji nishani 60 za fedha, lakini wengi wao walikuwa wamekwisha kutawanyika.

Hiyo ndiyo maana kamili ya kubeba amana: kukifikisha kitu kwa wenyewe, na kukiacha kilicho cha mahali mahali pake. Mji huu jina lake husemwa kuwa latokana na kubwaga moyo, lakini moyo wa mtu yule haukufika hapa. Uliachwa bara kwa hiari ya Waafrika walioona kwamba huko ndiko ulikokuwa. Mti uliouwekea kivuli haukupata heshima hiyo. Mwaka 1899 ulikatwa, na kipande chake kilichochorwa jina la marehemu kikapelekwa London.

Mgeni ataniambia: mimi sikuja kubeba maiti wala kubandua sahani, nataka kitu cha kumpelekea mama yangu. Kweli. Lakini mizani ni ile ile. Mtu akioneshwa mlango wa kale wenye nakshi, aliyeuambiwa kuwa unauzwa kwa siri, na ajue kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 imeitaja milango ya namna hiyo waziwazi, ile iliyochongwa kabla ya 1940. Mlango uking'olewa, nyumba hubaki na kinywa wazi, mvua ikaingia, na mwaka wa pili ukuta ukaanguka. Pembe na gamba la ng'amba tusivitaje. Biashara ya pembe kimataifa ilipigwa marufuku mwaka 1989. Na yale makome makubwa ya kupulizwa, yanayopangwa mezani pwani yakimetameta, yalikuwa na mwenyewe ndani. Huyo ndiye anayemla kiti cha pweza mwenye miba, na kiti cha pweza huyo ndiye anayeyala matumbawe. Anayelinunua kome anaulipia mwamba uliokufa.

Vilivyo halali kusafiri ni vingi. Uko mkeka wa ukindu, ambao mwanamke aliusuka chane kwa chane na rangi akaitia mwenyewe. Iko ngoma, na Bagamoyo ni mji wa ngoma: Chuo cha Sanaa kilianzishwa hapa mwaka 1981, nacho tangu 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Uko mpingo uliochongwa, ingawa hapo ningemwomba mnunuzi achague kidogo kilicho kizuri kuliko kikubwa cha haraka, kwa kuwa mti huo huchukua miaka 70 na zaidi kukomaa. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kile kinachokukimbilia hadi mlangoni mwa basi, kitazame mara mbili.

Lakini kwa mpenzi wa maneno, hapana kinachoishinda kanga. Ndiyo nguo pekee niijuayo inayomlazimu mnunuzi aulize imesema nini. Wengi hawaulizi. Nilifuatana siku moja na bibi mmoja wa Ulaya aliyevutiwa na rangi, akanunua doti ya kumpelekea mumewe aitundike ukutani. Jina lake lilikuwa: Mdhaniaye ndiye siye. Nilipomfasiria alicheka hadi machozi yakamtoka, kisha akanyamaza, akaniomba nimweleze tena polepole. Tulikaa kibarazani kwa muuzaji karibu nusu saa. Muuzaji akaeleza nani humvalia nani kanga ile, na siku gani, na ukiipewa ujibu kwa ipi. Bibi aliandika yote katika daftari yake, pamoja na jina la muuzaji na la mtaa. Meli ilikuwa ikimngoja. Doti akaichukua ile ile.

Basi jibu langu kwa mgeni ni hili. Chukua kilichotengenezwa ili kitoke, na umwulize aliyekitengeneza jina lake na jina la kitu chenyewe. Kilichopachikwa, kilichozikwa na kilicho hai kiache. Mabaharia wetu husema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Utarudi kwenu, na mlangoni utaulizwa umetuletea nini. Yule bibi ana la kujibu. Mimi kwa miaka 20 nilikuwa na kigae mezani, na nilipoulizwa kimetoka wapi, nilinyamaza.