Mtihani wa Maarifa: Njia ya Pili ya Kupata Cheti cha Sekondari Dar es Salaam

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, shule zote za sekondari nchini zilikuwa na wanafunzi wasiofika 12,000, na kwa hiyo wengi walioishia njiani walikosa nafasi, si akili. Mwaka huohuo kilifunguliwa Chuo cha Kivukoni, ng'ambo ya bandari ya Dar es Salaam upande wa Kigamboni, ambacho kilifuata mfano wa Chuo cha Ruskin cha Oxford na kuwapokea watu wazima kwa kutazama uwezo wao kuliko vyeti. Lakini karani au muuza duka wa Kariakoo, ambaye hakuweza kuacha kazi, alihitaji njia nyingine.

Njia hiyo ilitengenezwa polepole. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoanza mwaka 1960 chini ya Chuo cha Makerere na kupewa mamlaka yake kwa sheria ya mwaka 1975, iliendesha elimu kwa njia ya posta, yaani mwanafunzi alitumiwa vijitabu, akajibu mazoezi nyumbani na kuyarudisha kwa barua ili yasahihishwe. Mitihani yenyewe ya sekondari, iliyokuwa ya Chuo Kikuu cha Cambridge na baadaye ya Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, ambamo Tanzania ilijitoa mwaka 1971, iliwekwa chini ya Baraza la Mitihani la Tanzania lililoundwa mwaka 1973.

Asiyepitia sekondari hutakiwa kwanza kufaulu Mtihani wa Maarifa, ambao watu wengi huuita QT na ambao hupima elimu ya kiwango cha kidato cha pili. Akifaulu, huruhusiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, yaani asiyeletwa na shule, na namba yake huanza kwa herufi P badala ya S. Utaratibu huu ni wa haki, ingawa ni lazima kusema kwamba upimaji ulisimamiwa kwa makini kuliko ufundishaji, ambao kwa sehemu kubwa uliachiwa vituo vya masomo ya jioni na juhudi za mtahiniwa mwenyewe. Uzito wa hali hiyo uliwaelemea zaidi wasichana waliofukuzwa shule kwa sababu ya ujauzito, kwani hadi Novemba 2021, serikali ilipowaruhusu kurudi katika shule za kawaida, masomo ya nje ya mfumo rasmi ndiyo yaliyobaki kuwa tegemeo lao la kupata cheti hicho.