Usalama wa Mataifa Tukiutazama Kutoka Ikola

Usalama wa mataifa unapozungumzwa, mawazo yetu huelekea kwanza kwenye silaha za nyuklia na mikutano ya wakuu wa dunia. Katika makala hii tunapenda kuutazama kutoka Ikola, kando ya Ziwa Tanganyika mkoani Katavi. Kongo iko ng'ambo, na mpaka umepita katikati ya maji.

Vita vya mbali vilifika ziwani humo mapema. Mwaka 1915 Wajerumani walishusha majini, huko Kigoma, meli ya Graf von Goetzen ili walitawale ziwa dhidi ya Wabelgiji na Waingereza. Mwaka 1916 waliizamisha wenyewe. Iliopolewa mwaka 1924, ikaitwa Liemba, ikahudumia abiria wa bandari ndogo, Ikola ikiwa mojawapo. Mwaka 1997 iliwarudisha kwao maelfu ya Wakongo waliovikimbia vita vilivyozuka mwaka 1996. Chombo cha vita kikawa chombo cha rehema.

Upande wa bara, makazi ya Katumba (1973) na Mishamo (1978) yalifunguliwa kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Kazi hiyo ilishikwa na TCRS, shirika lililoanzishwa mwaka 1964 chini ya Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Ulimwenguni. Wageni hao walifyeka misitu, wakalima, wakauza mazao. Kuanzia mwaka 2014, zaidi ya 160,000 kati ya wakimbizi wa 1972 waliokuwa nchini walianza kupewa hati za uraia wa Tanzania.

Hata hivyo, mkimbizi amesemwa mara nyingi kuwa ndiye hatari kwa usalama. Hatukatai kwamba silaha nazo huvuka mipaka pamoja na watu, wala kwamba serikali ina wajibu wa kulinda raia wake. Lakini historia hii yaonyesha kwamba chanzo cha hatari ni utawala unaoua watu wake, na vita vya kugombea mamlaka na mali. Mkataba wa Maziwa Makuu uliotiwa sahihi Nairobi mwezi Desemba 2006 uliunganisha usalama, uthabiti na maendeleo kwa sababu hiyo hiyo.

Sisi tunaohubiri Mambo ya Walawi 19 kuhusu mgeni, hatuna budi kuwasaidia washarika wetu kumtofautisha awashaye moto na yule aukimbiaye. Tukiwachanganya hao wawili, tutamfungia mlango aliyeungua, na moto utaendelea kuwaka.