Soroti, shule ya urubani ya Afrika Mashariki

Desemba 1971 ulifunguliwa uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA), kati ya Moshi na Arusha. Kijana wa Msangeni, huku milimani Upare, aliyetamani kuziendesha zile ndege alikuwa sasa na mahali pa kulenga. Mwaka huohuo, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzisha shule ya urubani Soroti, mashariki ya Uganda, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa.

Haja ilikuwa kubwa. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoundwa 1946, lilirusha ndege za Super VC10 hadi London, lakini marubani wake wengi walikuwa Wazungu. Tanzania, Kenya na Uganda zikataka vijana wao wafundishwe nyumbani.

Mwanafunzi alianzia darasani: hali ya hewa, ramani, sheria za anga, injini. Kisha akapanda ndege ndogo, mwalimu ubavuni, tambarare za eneo la Teso zikitandaa chini, mpaka siku mwalimu aliposhuka na kumwachia aruke peke yake. Hapohapo Soroti walisomea pia mafundi wa ndege, na kwangu hiyo ndiyo busara kubwa ya waasisi. Rubani aliyekua pamoja na mafundi hanung'uniki fundi anapoizuia ndege isiruke.

Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika na shirika lake la ndege likafa. Soroti ikabaki mikononi mwa Uganda, ikapitia vita vya 1979 na baadaye uasi wa Teso. Mkataba wa Jumuiya mpya, uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, unaitaja kwa jina miongoni mwa taasisi zilizosalia za Jumuiya ya zamani. Ni heshima inayostahili, ila shule ya urubani huishi kwa mafuta, vipuri na walimu, na hapo nchi wanachama bado zina deni.

Kwetu Tanzania, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, kilichoanzishwa Dar es Salaam 1975, nacho kimeingia katika mafunzo ya urubani na matengenezo ya ndege. Nafurahi mno. Hata hivyo, saa za kuruka ni ghali, na mzazi wa Msangeni anayetegemea kahawa na migomba hawezi kuzilipia, hata mwanawe angeongoza mkoa mzima kwa fizikia. Soroti ya mwanzo ilijengwa kwa fedha za umma ili mtoto kama huyo apate nafasi, na udhamini wa namna hiyo ndio ninaouomba urudi.