Baiskeli Ipi Tununue? Somo Kutoka Rwanda

Anayenunua baiskeli Kinyamaseke, kwenye barabara ya Kasese kwenda Mpondwe, huuliza bei, kisha huuliza kama itabeba mikungu ya ndizi. Maswali hayo ni ya haki. Historia ya jirani zetu inaongeza la tatu: kampuni iliyoitengeneza imewasaidiaje wanaoanza mashindano?

Mwaka 2005 Tom Ritchey, mtengenezaji wa baiskeli kutoka Kalifornia, alizuru Rwanda. Aliwakuta watu wakisafirisha mizigo milimani kwa baiskeli nzito za chuma, wengine kwa baiskeli za mbao. Mwaka 2006 alisaidia kuanzisha mashindano ya Wooden Bike Classic, ambamo hata baiskeli za mbao zilishindanishwa. Mwaka 2007 akaja Jonathan Boyer, Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France, kuwafundisha vijana. Mmoja wao, Adrien Niyonshuti, alishiriki Olimpiki ya London 2012. Mwaka 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza barani Afrika.

Haikuwa kazi ya kampuni moja. Serikali na vijana wenyewe walitoa jasho. Lakini anayefadhili bingwa aliyekwisha kushinda hununua tangazo tu. Anayefika vijana wangali kwenye baiskeli za mizigo husaidia kumpata bingwa.

Kasese ina milima na vijana wenye miguu imara. Basi, baiskeli mbili zikilingana kwa bei na uimara, tuchague ile ambayo muuzaji wake hutoa hata tairi moja kuwa zawadi katika mbio za kijijini.