Shirika la Mlimani: Imani ya Masisi na Walikale

Mwaka 1954, wamonaki Watrapisti kutoka Scourmont, Ubelgiji, walianzisha monasteri kando ya maziwa ya Mokoto, Masisi, katika Kivu, mashariki mwa Kongo. Miaka mitano baadaye Goma ikawa jimbo Katoliki.

Uamuzi uliogusa zaidi maisha ya kila siku ulikuja mwaka 1961, maaskofu wa Kongo walipokubaliana kujenga kanisa juu ya jumuiya ndogo. Katika Kivu waumini huziita mashirika. Majirani hukutana nyumbani kwa mmoja wao, husoma Injili, kisha huulizana: nani mgonjwa, nani amefiwa, mjane gani hana wa kumlimia? Kikapu hupitishwa, mmoja hutia maharagwe, mwingine noti iliyokunjwa.

Desturi hiyo ilipimwa vikali. Machi 1993 wauaji walivamia soko la Ntoto, Walikale, na mapigano ya kikabila yakaenea Masisi. Tarehe 12 Mei 1996 Watutsi waliokimbilia monasteri ya Mokoto walishambuliwa, na wengi wakauawa humo humo. Wapo Wakristo waliokuwa upande wa wauaji, na historia ya kweli haiwezi kulificha hilo.

Mwaka 2025 vita vilirudi: kundi la waasi la M23 liliteka mji wa Masisi mwezi Januari, likaingia Walikale mwezi Machi. Familia zikabeba tena magodoro na sufuria.

Anayetaka kuandika historia ya matumaini ya watu hawa aanzie kwenye kile kikapu, na asiruke Ntoto wala Mokoto.